Mguu wa Tatu

Chwele,
Januari 12, 2025

Mwanangu Nelima,

Mulembe. Sisi hapa tunapumua. Mvua haijaja lakini sukuma za kule bondeni zinavumilia. Ng'ombe mwekundu ana mimba, anatembea kama bibi harusi. Ian ndugu yako yuko mzima, anakula vizuri na kulala vizuri, kama mtu asiye na baba mgonjwa. Baba yako naye anakunywa uji, na ndizi nikimpondea anakula. Mkono wa kulia bado umelala. Mdomo umerudi upande wake kidogo, ila maneno yanatoka kama ya mtu aliye na kiazi moto kinywani.

Usishangae kupata barua wakati huu wa simu. Simu ya hapa nyumbani ni ya Ian, na siku hizi Ian ndiye anayemtafutia Hillary mbao huku kwetu. Nikisema neno kwa simu hiyo, litafika Kitale kabla sijamaliza kulitamka. Barua hii anakuletea Lenah wa vitunguu, anayepanda huko kila wiki. Ukijibu, mpe yeye mkononi.

Nelima, wewe hukuwepo Bungoma siku ya maonyesho. Ulisimuliwa. Mimi nilikuwepo, na nataka uone nilichokiona.

Tulikuwa tumepanga viti vyetu vichache juu ya mkeka. Baba yako amevichonga, mimi nimevifuma makalio kwa kanda za ngozi. Ng'ambo yetu Hillary alikuwa na hema na taa zinazowaka mchana. Ndani ya hema, viti kama vyetu, safu kwa safu. Miguu mitatu, mgongo uliopinda kama nyuma ya kijiko, kila kitu. Ila pa ngozi yangu yeye ameweka kamba za nailoni.

Wakaguzi wa maonyesho wakafika kwetu. Mmoja akasema, "Mzee, hiki si ni kile cha pale ng'ambo? Mbona unaiga kazi ya kijana?" Watu wakacheka. Baba yako hata hakukasirika. Aliita tu, "Hillary! Kuja uwaambie."

Na Hillary akaja. Hillary aliyelala kwetu miaka ile hana pa kulala, ambaye baba yako alimshika mikono miwili kumfundisha kushika tezo. Alikuja mikono iko mfukoni, akasema, "Huyu mzee namjua. Zamani niliwahi kumsaidia kidogo."

Kumsaidia! Watu wakacheka tena. Baba yako akafungua mdomo ajibu, mdomo ukaenda kando, akaanguka katikati ya viti vyake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfunika miguu kwa leso, maana suruali ilikuwa imelowa na watu walikuwa wanapiga picha.

Sasa wewe umesomea mashine hizo hizo. Uko Kitale, unakata herufi za mabango ya watu. Karakana ya Hillary iko hapo hapo mjini. Nenda ukamwombe kazi. Mwambie umekosana na sisi. Ukishaingia tutajua la kufanya. Sitaki polisi, na sitaki wazee wa ukoo wakae hapa wakinywa soda na kusema "tusameheane". Nataka aanguke mbele ya watu, kama alivyoanguka baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja.

Mimi senge yako,
Nakhungu


Kitale,
Februari 9, 2025

Senge mpendwa,

Mulembe muno. Nimefurahi kusikia ng'ombe mwekundu ana mimba. Huku baridi ya asubuhi inauma masikio, na mahindi sokoni yamepanda bei. Nimehama chumba, nakaa upande wa barabara ya Endebess sasa, kwa sababu ni karibu na kazi mpya.

Ndiyo. Nimeingia.

Nilidhani nitahitaji kusema uongo mwingi. Nilisimama mlangoni nikasema, "Natafuta kazi," na Hillary akaweka chini alichokuwa ameshika akanitazama mpaka nikaogopa. Kisha akauliza, "Mzee anajua umekuja?" Nikamwambia mimi na nyumbani hatuelewani. Akasema, "Pole," na akaenda kusimama dirishani. Kesho yake nilipewa mashine.

Senge, nikueleze uione. Ni meza pana ya chuma. Juu yake kuna kichwa kinachotembea huku na huku, na chini ya kichwa kuna kisu kinachozunguka kama keekee. Unaweka ubao, unaukaza, unabonyeza, kisha unasimama kando kama mtu anayengoja chai. Kisu kinafuata umbo lililo ndani ya kompyuta. Mguu mmoja wa kiti, kazi ambayo Baba angekaa nayo tangu asubuhi mpaka kivuli kigeuke, unatoka maziwa ya chai hayajachemka.

Ila nilichotaka kukuambia ni hiki. Unakumbuka kile kiti cha Baba cha sebuleni, chenye kovu kwenye mguu wa nyuma, pale tezo ilipoteleza? Ndicho Hillary alichokizunguka na kamera, kompyuta ikatengeneza umbo lake. Na kovu likaingia nalo. Sasa kila kiti kinachotoka humu kina kovu hilo, mahali pale pale, kina kile kile. Tezo ya Baba iliteleza mara moja. Humu ndani inateleza kila siku.

Siku ya kwanza nilipoona viti vimepangwa ukutani, vyote vina kovu la Baba, nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Sikulia.

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Nelima


Chwele,
Machi 2, 2025

Mwanangu Nelima,

Barua yako ilichelewa, Lenah alikuwa na malaria. Sasa ni mzima na anasema unakonda. Kula. Hasira haikai kwenye tumbo tupu, inageuka kuwa huruma.

Ng'ombe amezaa ndume. Ningetaka mtamba lakini Mungu haulizwi. Mvua ya kwanza imenyesha na Ian hajalima, yuko na pikipiki yake huku na huku. Jumamosi moja kulikuwa na wageni hapa, watu tu wa kupita, hakuna la kusimulia. Baba yako anakusalimu. Ameanza kutembea mpaka kwenye mwembe na kurudi akinishika bega.

Umeniuliza ufanye nini. Mimi si fundi wa mbao, mimi ni mtu wa ngozi. Lakini nimekaa na mafundi maisha yangu yote na najua kiti cha miguu minne kikikatika mguu kinayumba, cha miguu mitatu kinaangusha. Hayo mengine wewe unajua zaidi yangu. Nyuzi za mbao zikienda urefu wa mguu, mguu unabeba fahali. Zikikatizwa upana, hata kuku akiruka juu yake inatosha.

Mashine haina macho. Haiwezi kujua umeilazia ubao vipi.

Swali langu ni moja tu. Ni lini yeye mwenyewe ataketi, mahali palipo na watu? Nijibu hilo. La kovu lisikulize, likuongezee moto.

Senge yako,
Nakhungu


Kitale,
Machi 30, 2025

Senge,

Mulembe. Hongera kwa ndama. Huku ni wazima. Nimekuwa nikiamka mapema kwa sababu umeme unakatika mchana na mashine haiwezi kuachwa katikati ya kazi.

Jibu la swali lako ni Mei kumi na saba. Kuna ukumbi mpya unafunguliwa Bungoma, na viti vya humo vyote vinatoka kwetu. (Nimeandika "kwetu". Nimeona mwenyewe, usiseme kitu.) Kutakuwa na wakubwa wa kaunti, na maaskofu, na watu wa redio. Na kutakuwa na kiti kimoja kikubwa cha jukwaani, cha mvule, ambacho Hillary atakionyesha na kuketi juu yake mbele ya wote. Kiti hicho nimepewa mimi.

Kwa hiyo njia ipo. Lakini Senge, kuna mambo hapa siyaelewi, na heri nikuambie kuliko kukaa nayo. Juu ya mashine Hillary ametundika tezo kuukuu, mpini umefungwa kwa ngozi. Ngozi hiyo ni mkono wako, nauona ufumaji. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Na kila mguu ukitoka kwenye mashine, anaupapasa kwa kiganja macho yamefumba, vile Baba hufanya. Anapojisahau anapiga mluzi wa Baba.

Juzi aliniuliza ghafla, "Mzee anaweza kushika kijiko sasa?" Nikamwambia, "Sijui, sipigi simu nyumbani." Akasema, "Anaweza." Akaondoka. Amejuaje? Nikafikiri ni Ian amemwambia.

Senge, Baba anasema nini? Amewahi kulitaja jina la Hillary? Siulizi kwa kutaka kurudi nyuma. Nauliza tu.

Nelima


Chwele,
Aprili 20, 2025
Sikukuu ya Pasaka

Mwanangu,

Heri ya Pasaka. Tumechinja jogoo yule mkorofi. Kanisani walijaa, mahubiri yalikuwa marefu, juu ya kusamehe. Nilitoka nje kumtazama ndama.

Unaniuliza baba yako anasema nini. Nimekwisha kukuandikia kuhusu mdomo wake. Mtu wa namna hiyo atasema nini? Anaomba maji, anaomba chumvi. Basi.

Na usiniandikie mambo ya tezo na mluzi. Mwizi akiiba ng'ombe wako anampenda kuliko wewe, anampa majani mabichi, anamwita kwa jina ulilompa. Huo ni upendo? Anafumba macho kupapasa mguu ambao hakuuchonga! Na ufumaji wangu anautundika ukutani kama pembe ya swala, huku viti vyake amevipiga nailoni?

Nikueleze jambo dogo. Baba yako hujaribu kushika patasi kwa mkono wa kushoto nikiwa shambani. Anajificha, kama mtoto anayeiba sukari. Nikirudi nakuta vibanzi chini ya kitanda, na damu kidogo kwenye shuka. Mimi hufua shuka nikanyamaza. Ukisikia moyo wako unalegea, fikiria shuka hiyo.

Lenah anasema Hillary amenenepa.

Senge yako,
Nakhungu


Kitale,
Mei 4, 2025

Senge,

Mulembe. Mimi mzima. Mvua ni nyingi, barabara ya kuja karakanani imekuwa matope matupu.

Nimefanya.

Alikuwa ameenda Webuye kutafuta gundi na vijana wengine walikuwa wanapakia. Miguu miwili ya mbele niliikata vizuri, nyuzi zimenyooka. Nilipofika mguu wa tatu, wa nyuma, niliugeuza ubao. Nikakaza, nikabonyeza. Kisu hakikusita hata kidogo. Nilikuwa nimetarajia sauti ibadilike, mashine inung'unike, kitu chochote. Ilichonga tu. Ilichonga mpaka lile kovu la tezo, kwa utulivu ule ule.

Kisha nikapaka rangi nzito ya kahawia, nyuzi zisionekane. Nikakiunganisha mwenyewe. Ukikibeba kwa kushika mgongo wake hakina neno. Ukikikalia, ni biskuti.

Hillary alirudi jioni akakikagua. Alipapasa mguu wa kwanza, akapapasa wa pili. Kwenye wa tatu kiganja chake kilikaa. Nilikuwa nafagia, sikuinua kichwa. Akasema, "Kazi nzuri," akaosha mikono akaenda nyumbani.

Sina furaha niliyotazamia, lakini usingizi unakuja. Nitasimama nyuma ya jukwaa niione sura yake.

Nelima


Chwele,
Mei 14, 2025

Nelima wangu,

Naandika kwa haraka, Lenah amesimama mlangoni. Umefanya vizuri. Nimesoma barua yako mara mbili kisha nikaitia moto jikoni.

Ian anasema Jumamosi atampeleka baba yako Bungoma kwenye hiyo sherehe. Ati wamealikwa. Nilitaka kukataa, halafu nikafikiri, mwache aende. Mwache aone kwa macho yake. Nimempigia pasi lile shati jeupe. Mimi sitakuja, nikiwepo nitacheka kabla ya wakati.

Senge yako


Kitale,
Juni 1, 2025

Senge,

Sitakusalimu. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uko kwenye plasta, kwa hiyo soma polepole.

Umesikia kwa Ian, lakini sasa utasikia kwangu.

Ukumbi ulijaa. Baba aliketi safu ya mbele na shati lako la pasi, fimbo katikati ya magoti. Mimi nilikuwa kando ya jukwaa. Kiti kilikuwa katikati, kimefunikwa kitambaa. Barua yako niliipata siku hiyo hiyo asubuhi, kwa hiyo nilijua Baba angekuwepo. Nilijiambia kama ulivyojiambia wewe, mwache aone.

Hillary akapanda. Akachukua kipaza sauti. Kisha akasema:

"Viti mnavyokalia humu, umbo lake si langu. Ni la mzee Mukhisa wa Chwele. Mwaka jana hapa hapa Bungoma niliulizwa mbele ya watu, nikamkana. Nimekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake. Leo naomba mbele ya wale walionisikia."

Senge, hakuna aliyepiga makofi. *Nimekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake.* Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Hillary akaondoa kitambaa. Akageuka, akashika mikono ya kiti, ajiandae kuketi. Akanitazama. Akanitazama mimi, Senge, kwa muda. Wala hakuonekana kuogopa.

Ndipo Ian, mjinga wetu, akasimama akapaza sauti, "Ngoja bana! Si mzee aketi kwanza? Kiti si ni chake?" Ukumbi mzima ukalipuka. Makofi, vigelegele, "Aketi! Aketi!" Ian na kijana mwingine wakambeba Baba kwapani, na ngazi za jukwaa ni fupi. Hillary alikuwa anapunga mikono, "Hapana, hapana, ngojeni," lakini nani anamsikia. Baba alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo ilikuwa inacheka. Walikuwa wameshamgeuza mgongo, wanamshusha.

Sikumbuki kupanda. Nakumbuka nilimsukuma Ian na bega, nikapita chini ya mkono wa Baba, nikaketi.

Mlio wake ulikuwa mdogo. Nilianguka kinyumenyume kutoka jukwaani na mkono wangu chini yangu. Nilipofungua macho nilisikia watu wanacheka, wakidhani ni kiherehere cha msichana. Halafu wakaona mfupa.

Hillary alikuja na mimi hospitali. Alikuwa ameshika kile kipande cha mguu muda wote, nafikiri hakujua amekishika. Nikamwuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Siku ile ile. Kiganja kilijua."

"Na ungeketi?"

"Ningeketi."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri ukishaniona chini tutakuwa tumemaliza."

Nilitaka kumtukana, dawa ya usingizi ikanichukua. Watu wa redio walipomwuliza sababu, aliwaambia ubao ulikuwa na ufa. Wateja wengine wameshaondoa oda zao. Kwa hiyo ulichokitaka kimetimia, Hillary ameangushwa, wala hakuinua mkono kujizuia.

Sasa nikuulize wewe. Ian ameniambia yote wodini, na alishangaa kwamba sijui. Hillary alikuja Chwele Februari, wiki ile ile niliyoanza kazi. Alimwambia Ian kwamba aliponiona nimekuja kwake, ingawa nilisema hatuelewani, alidhani nyumbani wameanza kumlegezea, akapata moyo wa kuja. Alipiga magoti. Baba alimwekea kichwani mkono mzima, akalia, na tangu siku hiyo anamtaja kila jioni. Ndio wale "watu tu wa kupita". Nilikuuliza, Senge. Nilikuandikia wazi, Baba anasema nini. Ukanijibu chumvi na maji.

Nilimgeuzia ubao mtu aliyekwisha kusamehewa. Na ungekuwa mgongo wa Baba uliovunjika, si mkono wangu.



Nelima


Kitale,
Juni 22, 2025

Senge,

Lenah anasema barua ulipokea na kwamba uko mzima. Hujajibu. Plasta itatolewa hivi karibuni. Hillary hajanifukuza, na mimi sijui kama nakwenda kazini kwa kumwonea haya au kwa kukosa pa kwenda. Hatuongei sana. Ameondoa lile umbo kwenye kompyuta. Anasema akitengeneza tena, Baba atachonga kiti kipya kwanza, na mashine itafanya yale ya kuchosha tu, ya kupasua na kunyoosha, na tezo imalizie. Wateja ni wachache.

Mimi sijakusamehe. Nilitaka ulijue hilo kwa maandishi.

Nelima


Chwele,
Julai 27, 2025

Mwanangu Nelima,

Mulembe. Mahindi yamefika kifuani. Ndama amekuwa mtundu, anakula nguo kwenye kamba. Baba yako anatembea mpaka barabarani peke yake, na patasi ya mkono wa kushoto haijifichi tena, imekaa mezani kama mtu wa nyumbani.

Umesema hujanisamehe. Vizuri. Sikuomba.

Ndiyo, alikuja. Ndiyo, alipiga magoti, na suruali yake nzuri ikaingia kinyesi cha kuku, nikafurahi. Baba yako alimsamehe, hiyo ni haki yake, yeye ndiye aliyeanguka. Lakini mimi ndiye niliyemwokota. Mimi ndiye niliyeshika leso mbele ya watu wenye simu. Mbona mimi hakuna aliyenipigia magoti? Alipita mlangoni pangu, "Shikamoo Senge," akaenda moja kwa moja kwa mzee. Kana kwamba mimi ni bawaba. Ungeniuliza tena siku ile, ningekunyima jibu tena.

Hayo ni ya Hillary. Ya baba yako kukaribia kile kiti ni mengine, na ya mkono wako ni mengine. Hayo siyaandiki. Mimi hulala macho wazi, na hiyo inatosha, usiniulize.

Jumamosi iliyopita Hillary alikuja tena. Alileta gogo la mvule kwa ajili ya baba yako, wakalizunguka wote wawili kama majirani wanaonunua fahali. Baba yako anachonga, kijana anashika, wanagombana juu ya mgongo wa kiti upinde wapi. Baadaye akaacha kazi akaja jikoni. Hakubaki mlangoni, aliingia mpaka ndani, akainama chini ya moshi. Akasema, "Senge, nimekuja kwako. Kwa mzee nilishafika." Akaniambia kwamba mashine yake haiwezi ngozi na yeye hajawahi kuweza, kanda zake hulegea kila mara, na nailoni ilikuwa ya aibu. Akasema, "Nilikupita." Neno hilo tu. Nilikupita.

Nilimwekea chai. Niliijaza chumvi badala ya sukari, Nelima, vijiko vya kutosha, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima, nikaketi mbele yake nimtazame.

Alionja. Akanitazama. Akanywa. Alikunywa mpaka majani ya chini, macho yanamtoka machozi, hakukunja uso. Kisha akanyoosha kikombe akasema, "Niongeze, Senge."

Nikamwongeza. Cha pili nilitia sukari.

Njoo nyumbani mkono ukipona.

Senge yako,
Nakhungu